Hesabu ya Wati Kabla ya Kuchomeka Plagi

Hotuba hii ilitolewa na mkufunzi wa stima wa chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti, katika kikao cha usalama wa moto kilichowaleta pamoja wafanyabiashara wa soko, wenye ploti na wapangaji. Tumeichapisha karibu jinsi ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Msimamizi wa wadi, chifu wetu, mwenyekiti wa soko na kamati yako, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana wa jua kali mliofunga kazi mapema ili mfike hapa: hamjambo nyote.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameniomba nisiwaletee mambo ya darasani. Nitajitahidi. Lakini leo kuna hesabu, na hesabu hiyo hamuwezi kuikwepa. Najua mnaiweza. Mama anayejumlisha sukuma, nyanya na vitunguu kichwani huku akifunga mfuko, na bado akarudisha chenji sawasawa, hashindwi kujua kama ekstensheni yake iko salama au iko karibu kushika moto.

Kwanza niseme kwa nini kaunti inawaita kwa jambo la stima. Kaunti haiwauzii tokeni. Hiyo ni kazi ya Kenya Power. Wala haiwapi mafundi wa umeme leseni. Hiyo ni kazi ya EPRA. Lakini Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka huduma za kuzima moto mikononi mwa kaunti. Gari la zimamoto likihitajika sokoni, ni letu. Na mnajua njia za soko letu zilivyo: mikokoteni, mitumba, maturubai, magunia ya viazi. Mpaka gari lipate pa kupita, vibanda kadhaa vimeshaisha. Ndiyo maana tumeona tuzungumze leo, wakati hakuna kinachoungua.

Tuanze na maneno matatu. Volti ni msukumo wa umeme. Soketi zetu hapa Kenya hutoa volti 240, iwe ni kwenye jumba la ghorofa au kibanda cha mabati. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita ndani ya waya. Wati ni nguvu, yaani kasi ambayo kifaa kinakula stima. Na hayo matatu yamefungwa pamoja hivi: wati ni volti mara ampea.

Kwa kuwa volti tunaijua, kilichobaki ni kugeuza. Ukitaka ampea, chukua wati ugawe kwa 240. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta ampea 8 na kidogo. Pasi ya wati 1,200 inavuta ampea 5. Balbu ya LED ya wati 9 haifiki hata ampea moja ukigawanya mara ishirini. Kama kugawa kwa 240 kunakusumbua, shika hii ya sokoni: kila wati 1,000 ni ampea 4 na kidogo. Inatosha kabisa kwa kazi tuliyo nayo leo.

Wati za kifaa utazipata wapi? Kigeuze. Chini au nyuma kuna kibandiko au maandishi yaliyochongwa, na humo utaona nambari ikifuatwa na herufi W. Kingine kimeandikwa A tu. Hicho zidisha kwa 240. Na kwa wale wanaojiuliza kuhusu tokeni, uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja nzima. Birika la wati 2,000 likichemka kwa dakika 6 limekula sehemu ya kumi mbili za uniti, yaani 0.2.

Sasa naomba mtazame huu ubao. Nimeweka balbu mbili za zamani, zile zenye uzi mwembamba ndani, za wati 60 kila moja. Si za LED, kwa sababu LED zina vifaa vya kielektroniki ndani vinavyoficha hiki ninachotaka mkione.

Nimeziunganisha sambamba. Maana yake kila balbu ina njia yake kutoka waya mmoja hadi mwingine, kama maduka mawili yanayotazama barabara moja, kila duka na mlango wake. Mnaona zote zinawaka sawasawa. Nikiitoa moja, ya pili haijali. Kila moja inapata volti 240 zote, kila moja inavuta robo ya ampea, na jumla ni nusu ampea. Wati 60 na wati 60 ni wati 120. Hiyo ndiyo namna soketi na taa zote za nyumba zetu zinavyounganishwa, na ndiyo sababu unaweza kuzima taa ya jikoni bila kumzimia jirani televisheni.

Sasa nazibadilisha. Nimeziunganisha kwa mfululizo: mkondo unatoka, unapita balbu ya kwanza, ndipo unapita ya pili, ndipo unarudi. Njia ni moja tu. Mnaona? Zimefifia, kama mwanga wa chemni. Nikitoa moja, ya pili inazimika. Hapa volti 240 zimegawanywa, kila balbu imepata 120. Ukinzani, yaani jinsi njia inavyoubana mkondo, umekuwa mara mbili, kwa hivyo mkondo umebaki nusu. Volti nusu mara ampea nusu ni robo. Wati 60 zimekuwa 15. Ukipima kwa mita utapata nyingi zaidi ya hizo, karibu 20, kwa sababu uzi wa balbu ukipoa ukinzani wake hupungua. Lakini sura ya jambo ndiyo hiyo.

Nina swali. Nikitoa balbu moja ya 60 na kuweka ya wati 100, bado kwa mfululizo, ipi itawaka zaidi? Naona mikono. Karibu wote mnasema ya 100. Haya, nawasha.

Mnacheka, lakini ya 60 ndiyo inayowaka zaidi. Ya 100 imefifia kabisa. Haya si mazingaombwe. Balbu ya wati 60 ina ukinzani wa omu 960, na ya wati 100 ina omu 576. Omu ni kipimo cha ukinzani, kwa jina la Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kwa mfululizo, mkondo ni uleule kwa wote wawili. Hakuna wa kuukwepa. Anayeubana zaidi ndiye anayepata joto zaidi. Kwa hesabu, ya 60 imepata wati 23 hivi, na ya 100 imepata 14.

Naomba mkae na hilo kidogo, kwa sababu ndilo lililonileta. Vifaa vyako viko sambamba, na vikiwa sambamba ampea zake hujumlishwa. Lakini waya unaovilisha vyote, plagi, viungio, na yale makucha ya shaba ndani ya soketi, hivyo viko kwa mfululizo na kila kifaa. Mkondo wote lazima upite hapo. Na mahali popote kwenye njia hiyo palipobanwa, pembamba au pamelegea, ndipo joto litakapokaa. Halitakaa kwenye birika. Litakaa ukutani, nyuma ya gunia.

Tufanye hesabu ya kibanda cha saluni. Sitasema cha nani, na tafadhali msigeuke kumtazama mtu. Kuna soketi moja ukutani. Kwenye soketi kuna ekstensheni ya mashimo manne. Mashimo hayo yana draya ya mkono ya wati 1,800, draya ya kofia ya wati 1,000, na birika la wati 1,500 la maji ya kuoshea nywele na ya chai. Shimo la nne lina televisheni ya wati 80. Jumamosi asubuhi, wateja wakiwa wengi, vyote vinawaka kwa pamoja. Jumlisheni: 1,800 na 1,000 ni 2,800, ongeza 1,500 ni 4,300, na 80 ni 4,380. Gawanya kwa 240. Ni ampea 18 na kidogo.

Plagi zetu za pini tatu za bapa zimetengenezwa kwa ampea 13. Kumi na tatu mara 240 ni wati 3,120. Huo ndio mwisho wa ekstensheni yoyote yenye plagi hiyo, hata kama ina mashimo manne, sita au kumi. Mashimo hayaongezi uwezo. Ni kama kuongeza milango kwenye matatu ya abiria 14. Utapakia haraka, lakini gari ni lilelile.

Na huo ni mwisho wa plagi tu, hatujafika kwenye waya. Chukua ekstensheni yako usome maandishi yaliyochapwa kwenye ngozi ya waya. Ukiona 0.75, maana yake shaba iliyo ndani ina unene wa milimita 0.75 za mraba, na waya wa namna hiyo unafaa kubeba ampea 6. Ampea 6 ni wati 1,440 tu. Birika la wati 2,000 peke yake limeshaupita. Ukiona 1.0, ni ampea 10. Ukiona 1.25, ndiyo ampea 13, na 1.5 ni zaidi kidogo. Usipoona maandishi yoyote, wala alama ya ubora ya KEBS, hata mimi siwezi kukuambia umenunua nini. Kuna nyaya ambazo juu zimepakwa shaba na ndani ni alumini. Hizo hubana mkondo zaidi kuliko shaba tupu ya unene uleule, na macho hayawezi kukuonyesha tofauti mpaka uukate.

Tuseme ekstensheni ya yule wa saluni ni ya mita 5, ya 0.75. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hivyo tunahesabu mita 10 za shaba, na ukinzani wake ni kama robo ya omu. Joto la waya linapatikana hivi: ampea mara ampea mara omu. Nimesema ampea mara mbili makusudi. James Joule wa Uingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe, ndiye aliyelipima hili miaka ya 1840, na bado linawaunguza watu. Kwa ampea 6, sita mara sita ni 36, mara robo ni wati 9. Waya unapata vuguvugu, basi. Kwa ampea 18, kumi na nane mara kumi na nane ni 324, mara robo ni wati 81. Umeongeza mzigo mara tatu, na joto limeongezeka mara tisa. Wati 81 ndani ya waya mwembamba, na mara nyingi waya huo umeviringishwa na kufungwa kwa raba ili usisumbue miguu, au umepita chini ya kapeti, mahali ambapo joto halina pa kutokea.

Na mwenye saluni hatajua. Draya zake zinafanya kazi vizuri. Kati ya wati 4,380, hizo 81 hazionekani popote, hata kwenye tokeni. Hakuna taa inayofifia. Plastiki ya waya inalainika kidogo Jumamosi hii, kidogo Jumamosi ijayo, inakauka, inapasuka, mpaka nyaya mbili zinagusana.

Mtu atasema, mwalimu, si kuna fyuzi? Fyuzi na swichi za kujikata zimewekwa kwa mfululizo makusudi, ili mkondo wote upite kwake na aweze kuukata. Ni bawabu. Lakini muulize bawabu ameambiwa azuie nani. Fyuzi ya 13 haikatiki mara tu mkondo unapofika 14. Kwa ampea 18 inaweza kuvumilia kwa muda mrefu sana, na wewe umemaliza wateja wawili watatu. Nyuma yake, kwenye kisanduku kikuu, swichi ya kujikata ya soketi mara nyingi ni ya ampea 20 au 32. Hiyo inalinda waya wa ukutani, ambao kwa kawaida ni wa milimita 2.5. Kwa ampea 18 haina habari. Kwa hivyo kati ya mabawabu wawili, hakuna hata mmoja anayelinda ule waya mwembamba wa ekstensheni.

Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko soda. Fyuzi za plagi hizi zinauzwa za ampea 3 na 5 pia, si 13 peke yake. Ekstensheni ya waya wa 0.75 iwekewe fyuzi ya 5. Ukizidisha mzigo itakatika, utakasirika, lakini kibanda kitabaki. Na hapa nitasema kwa ukali kidogo: kufunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya pakiti ya sigara, au kwa uzi wa shaba uliochunwa kwenye waya, ni kumfukuza bawabu na kuuacha mlango wazi usiku. Nimeona misumari ikitumika. Fundi anayekufanyia hivyo, hata kama ni shemeji yako, usimwite tena.

Kuna jambo la pili la mfululizo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko waya mwembamba, nalo ni kiungio kilicholegea. Waya mwembamba unatawanya joto lake kwenye mita zote tano. Kiungio kilicholegea kinaliweka mahali pamoja. Soketi iliyochoka, ambayo plagi inacheza ndani yake, au waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa gundi ya karatasi, unaweza kuwa na ukinzani wa sehemu tatu za kumi za omu. Pitisha ampea 10. Kumi mara kumi ni mia, mara 0.3 ni wati 30. Mmewahi kuona kile chuma cha fundi wa redio cha kuyeyushia risasi? Vingi vyake ni vya wati 30 au 40. Maana yake una chuma cha kuyeyushia risasi ndani ya soketi ya plastiki, juu ya ukuta wa mbao, kutwa nzima.

Hiki angalau hutoa ishara. Plagi ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, soketi ikigeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu, ukisikia mlio wa kuchacharika, au harufu kama ya samaki pasipo na samaki, hiyo ni plastiki inaungua. Zima kwanza, uliza baadaye. Wapikaji wa samaki hapa sokoni, poleni, nyinyi mtabidi mtegemee macho.

Sasa wenye ploti. Naona mmekaa pembeni kule. Ploti ya vyumba kumi yenye mita moja ni saketi moja kubwa ya sambamba. Kila chumba ni kama balbu kwenye ubao wangu, na ampea zote kumi zinakutana kwenye waya mmoja unaotoka kwenye mita. Saa kumi na mbili asubuhi, kila mpangaji anatumbukiza koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo, na koili ni wati 1,500. Kumi mara 1,500 ni wati 15,000. Gawanya kwa 240: ampea 62 na nusu. Kama ulipojenga vyumba vinne fundi alikuwekea waya wa milimita 6, ulikuwa sahihi, kwa sababu unabeba takriban ampea 40 na koili nne ni ampea 25. Ukaongeza chumba cha tano, cha sita, ukafika kumi, kodi ikaongezeka, lakini waya umebaki uleule darini. Umeongeza milango sambamba bila kupanua njia iliyo kwa mfululizo. Na juu ya dari hiyo kuna mbao kavu, na chini yake kuna watoto wamelala. Kabla ya kuongeza chumba, ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mwombe akuonyeshe leseni, naye akuhesabie mzigo kwa maandishi.

Shawa ya umeme nayo isichomekwe kwenye soketi hata siku moja. Nyingi ni wati 5,000 hivi, karibu ampea 21. Inataka waya wake mwenyewe kutoka kwenye kisanduku na swichi yake.

Moto wa stima ukianza, kata umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia salama. Usimwage maji kwenye kitu chenye stima. Piga 999 au 112, na kwa waya za nguzoni au transfoma piga Kenya Power, 97771. Kisha tokeni watu. Bidhaa zitanunuliwa tena.

MASWALI

Mama mmoja anayeuza chai aliuliza kwa nini birika lake la umeme linachelewa kuchemka jioni kuliko mchana, na kama linamlia tokeni zaidi.

Mama, hilo ni swali zuri na jibu lake ni hesabu ileile. Kati ya transfoma na kibanda chako kuna waya mrefu, na waya huo uko kwa mfululizo na nyinyi nyote. Jioni kila nyumba inapika, inapiga pasi, inawasha. Ampea zenu zinajumlishwa, na waya unakula sehemu ya volti njiani. Badala ya 240, pengine wewe unapata 200. Birika lina ukinzani uleule, kwa hivyo volti zikipungua mkondo nao unapungua, na hasara inakuwa ya pande mbili. Gawanya 200 kwa 240, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata karibu 0.7. Birika la wati 2,000 sasa ni la wati 1,400 hivi.

Kuhusu tokeni, usiwe na wasiwasi sana. Linakula polepole kwa muda mrefu zaidi, na uniti zinakuwa karibu zilezile, labda kuzidi kidogo kwa sababu ya joto linalopotea hewani unaposubiri. Lakini ukiona jioni taa zinafifia sana kila siku, andikeni majina kadhaa pamoja mpeleke malalamiko Kenya Power, kwa sababu friji na pampu, vitu vyenye mota, haviteseki kimya kama birika. Mota ikikosa volti inaweza kushindwa kuzunguka, na ikishindwa kuzunguka inavuta ampea nyingi hadi inaungua.

Kijana mwenye duka la simu, anayetumia sola, aliuliza: ana betri mbili za volti 12, za ampea-saa 100 kila moja. Aziunganishe kwa mfululizo au sambamba ili apate stima nyingi zaidi?

Ndugu yangu, ukitafuta wingi, hakuna tofauti. Kwa mfululizo unapata volti 24 na ampea-saa 100. Sambamba unapata volti 12 na ampea-saa 200. Zidisha: zote ni wati-saa 2,400. Betri haziongezi kitu kwa kupangwa upya.

Tofauti iko kwenye waya. Sema inveta yako inatoa wati 600. Kwa volti 12 unavuta ampea 50. Kwa volti 24 unavuta 25. Kama waya wa kutoka kwenye betri una ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, kwa ampea 50 unapoteza wati 25 kama joto, na kwa ampea 25 unapoteza wati 6 tu. Nusu ya mkondo, robo ya joto. Ni sababu hiyohiyo iliyofanya laini ya Mariakani hadi Isinya ijengwe kwa volti 400,000: volti zikipanda, ampea zinashuka, na waya mrefu hauli kila kitu njiani.

Kwa hivyo kwa mzigo wako ningechagua mfululizo, lakini kwa masharti. Inveta na kidhibiti cha kuchaji lazima viwe vya volti 24. Ukiweka vya 12 utaviunguza siku hiyohiyo. Balbu na chaja zako za volti 12 usizichomoe kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili, kwa sababu hiyo moja itaisha kabla ya mwenzake na kuharibika. Betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Usifunge mpya na kuukuu. Na weka fyuzi karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, kabla hujaupeleka popote. Betri hazina Kenya Power wa kuzima, na waya zake zikigusana hutoa ampea mamia kwa mamia.